Jembe la Mufua-Chuma na Kinga ya Duka

Watu wa muji wetu wakisikia neno "mila", wanafikiri mara moja ngoma, mahari, vinyago, majina ya mapacha na desturi za matanga. Hatukatai. Yote hayo ni mila, na vitabu vidogo kama hiki vinafanya vema kuyaandika mbele wazee hawajatutoka. Lakini iko mila moja ambayo hakuna mutu anayeiandika, na sisi tunaona kwamba inakufa mbio kupita zote. Ni haki ya mwenye kutumia kitu kurudi kwa mwenye kukitengeneza na kumuambia mu macho: "Kitu chako haiko muzuri. Kirekebishe."

Haki hiyo haikuandikwa mu kitabu cha sheria. Ilikaa mu kijiji, kati ya nyumba ya mufua-chuma na shamba la jirani yake, kati ya mufinyanzi na kisima. Leo tumeipoteza, na hasara yake tunaibeba kila siku ku mikono na ku mugongo: kinga inayovunjika, bidoni inayokata vidole, jembe linaloruka kutoka mu mupini. Wamoja wanasema: "Ni umasikini." Wengine wanasema: "Ni bintu bya Chine." Sisi tunajibu kwamba majibu hayo mawili ni mepesi mno, na kwamba yanatulaza usingizi. Ugonjwa wenyewe ni huu: mutengenezaji na mutumiaji hawajuane tena.

Tuanze na jembe, juu kila mutu analijua. Lile la zamani, lukasu kwa Kiluba, ulukasu kwa Kibemba, lilikuwa na mukia mwembamba. Mufua-chuma alichoma mukia huo mu moto, kisha akaupitisha mu kichwa kinene cha mupini, pale ambapo muti una fundo. Kila mara mulimaji alipopiga udongo, mukia uliingia zaidi kidogo mu muti. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikaza jembe. Jembe la duka liko na tundu la mviringo, na mupini unaingizwa ndani. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri, hatubishani juu ya hilo. Lakini ukifika wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, muti unakauka, unapungua, na chuma kinaanza kucheza. Ndiyo sababu unaona mama anatumbukiza jembe mu maji usiku, ao anashindilia kipande cha kitambaa na musumari mbele ya kwenda shamba.

Nani aliyefikiri ule mukia? Hatuwezi kutaja mutu mumoja, na ndiyo maana yake. Watu wengi waliufikiri, kizazi kwa kizazi, juu mufua-chuma alikaa nyumba tatu kutoka kwa mulimaji. Jembe lililovunjika lilirudi kwake siku ileile, mu mukono wa mama aliyelilipa kwa kuku na aliyekuwa na kinywa cha kusema. Tena bibi ya mufua-chuma mwenyewe alilima na jembe la mume wake. Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mufua-chuma wa zamani alilala ku kitanda kile alichotengeneza.

Kazi hiyo haikuwa ya washenzi, kama vitabu vya wakati wa ukoloni vilivyopenda kusema. Ku Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi walianza mwaka 1957 kufungua makaburi ya zamani sana, na walikuta humo vyombo vya chuma, mapambo ya shaba na vyungu vya ufundi mukubwa. Makaburi mengi kati ya hayo yako na miaka zaidi ya 700. Lubumbashi yetu ilianzishwa 1910 tu. Kwa Waluba, fuawe, lile chuma la kufulia, liliheshimiwa mpaka sindano za chuma za kushikia nywele zikachukua umbo lake. Watu waliompa mufua-chuma heshima ya namna ile walijua kwamba maisha yao yanashikwa na mukono wake.

Sasa tuje kwa kinga. Mu Haut-Katanga kinga haiko chombo cha kutembelea jioni. Ni gari la musikini. Inaleta makala kutoka mu pori, inaleta mihogo, inaleta samaki wa Luapula kutoka upande wa Kasenga, inapeleka mugonjwa ku hopitali. Hata leo, pikipiki zikiwa zimejaa mu njia zote, mwenye kukosa feza ya esanse anabaki na kinga yake.

Ile kinga nyeusi tunayoijua sisi wote, yenye freni za vyuma virefu na magurudumu ya inchi 28, ni mutoto wa kinga ya Waingereza ya mwanzo wa karne ya 20. Wahindi na Wachina waliichukua na kuitengeneza kwa wingi. Ilichorwa kwa ajili ya mutu mumoja anayekwenda kazini mu barabara nzuri, pamoja na kifurushi kidogo nyuma. Na tuseme kweli: ni chombo cha akili. Tazama pedali ya kushoto. Skuru yake inafungwa kwa kuzungusha kinyume cha skuru zingine, ili mwendo wa muguu usiifungue njiani. Mutu aliyefikiri jambo hilo hakuwa mujinga. Alifikiri muzuri sana, lakini hakutufikiri sisi.

Kosa la kwanza ndilo baba wa makosa yote: kinga ya duka inaamini kwamba mwenyewe anaikalia. Lakini mubeba-makala hakai juu ya kinga! Anatembea pembeni yake, anaisukuma, na mifuko mitatu ao mine imefika juu kupita kichwa chake. Ni uzito unaopita kilo 100. Kwa mutu huyo, karibu kila kitu kimewekwa pahali pabaya. Gidoni iko fupi na iko mbali, kwa hiyo anafunga fimbo ili apate kuiongoza. Pedali inamupiga ku muundi kila hatua. Bekiye imetengenezwa kwa kinga tupu inayosimama ku sima. Mu muchanga inazama ao inapinda, na mutu anatembea na kijiti chenye panda cha kusimamishia mali yake.

Freni ndiyo mambo ya kufa na kupona. Freni ya kinga hii inabana janti ya chuma yenye kung'aa. Mvua ikinyesha, janti ikilowana, nguvu ya freni inapungua vibaya sana. Hilo linajulikana na kila mutengenezaji wa kinga mu dunia. Dawa pia inajulikana: Wajerumani walitengeneza mu 1903 kitovu cha gurudumu walichokiita Torpedo, ambacho freni yake iko ndani, pahali mvua haifiki. Unarudisha pedali nyuma, kinga inasimama. Muzuri. Lakini freni ya namna hiyo inataka miguu yako ikae ku pedali, na mubeba-makala miguu yake iko chini, mu vumbi. Basi ile freni ya kwanza inashindwa na mvua, na ile ya pili haimuoni kabisa. Mu mutelemko, wakati wa masika, anabaki na visigino vyake viwili.

Kisha kuna klaveti, ile pini ndogo inayoshika mukono wa pedali ku akisi. Klaveti za bei ya chini ziko za chuma laini. Zinalegea kidogo kidogo, mwenye kinga anapiga nyundo, kichwa cha pini kinapanuka kama uyoga, na siku ya kuitoa haitoki tena. Wakati huo fundi anachukua tindo, anaharibu kitu kizima juu ya pini moja ya urefu wa kidole.

Wengine watasema: "Ayo ni mambo ya zamani, sasa kuko VTT." Tuitazame basi VTT, ile kinga ya rangi yenye vitesi na resori, inayouzwa kwa wazazi kama kinga ya nguvu. Resori ya nyuma inacheza chini ya muzigo, kwa hiyo sehemu ya nguvu za mutoto inaishia mu kuruka-ruka. Kadri yake mara nyingi haina pahali pa kufungia poritebagaji. Na akisi ya nyuma ni hadisi ya kusikitisha. Iko na unene wa karibu milimeta 10 tu. Upande wa kuume, pale ambapo rulibri yenye meno mengi imefungwa, bili zinazoishika ziko mbali ndani. Ncha ya akisi inabaki nje kama ubao unaotokeza bila nguzo chini yake. Weka muzigo, pita mu shimo: inapinda, kisha inavunjika. Watu wa ufundi walijua kosa hilo tangu zamani. Kampuni Shimano ya Japani ilitoa mu 1978 kitovu kipya ambamo bili za kuume zimesogezwa mpaka ku mwisho wa nje. Ni zaidi ya miaka 40 sasa. Lakini kinga nyingi za bei ya chini zinazofika kwetu zingali na kitovu cha zamani, na rangi mupya juu yake.

Nani analipa makosa hayo? Si yule aliyechora kinga, si yule aliyeiuza. Kinga mupya ya mubeba-makala haiendi pori kutoka mu duka. Inakwenda kwanza kwa fundi wa sudire. Pale inaongezewa feri ya betoni ku furshi, poritebagaji inafanywa upya kwa chuma kinene, reyoni zinabadilishwa. Ndiyo kusema, musikini ananunua kinga mara mbili: mara ya kwanza anamulipa mwenye duka, mara ya pili anamulipa mutu wa kumaliza kazi ambayo kiwanda hakikumaliza. Mutajiri ananunua kitu chake mara moja tu.

Tunajua mawakili wa duka watatujibu nini. Tuko na majibu yao matatu mu masikio kila siku.

La kwanza: "Iyi kinga haina mubaya, njo weye unajazia sana." Kumbe! Miaka mingi watu wa hapa wananunua kinga kwa kubebea mizigo, kila mutu mu njia anaiona, na bado muuzaji anashangaa? Mufua-chuma hakumuambia mulimaji: "Jembe langu liko sawa, ni udongo wako uko mugumu." Alijua udongo wa pale, akafua chuma kwa udongo huo. Chombo kinachohukumu kazi ya mwenyewe, badala ya kuifanya, hakijafika mwisho wa kutengenezwa.

La pili: "Ni bei. Unataka muzuri, leta falanga." Tunakubali kwamba chuma kizuri kina bei yake. Lakini makosa mengi hayatokani na bei. Kutoboa matundu mawili ya kufungia poritebagaji, kupanua muguu wa bekiye ili usizame mu muchanga, kuongeza urefu wa gidoni, hayo yote yanagharimu kitu kidogo sana. Yanataka tu kwamba mutu mumoja aulize swali mbele ya kukata chuma.

La tatu, na hilo linapendwa sana na wenzetu wenye diploma: "Bintu bya Chine, unangojea nini?" Jibu hilo linatupa starehe ya kumulaumu mutu wa mbali. Viwanda vya inchi hiyo vinatengeneza kile kilichoagizwa. Vinatengeneza kitu kizuri kwa mununuzi anayekataa kibaya, na kitu kibaya kwa yule anayeomba bei ya chini bila kuuliza lingine. Anayeagiza kinga kwa ajili yetu hajawahi kusukuma makala. Yule anayesukuma makala hajawahi kuitwa siku ya kuagiza. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mambo hayaishi ku kinga. Chukua bidoni ya njano ya litre 20, ile inayotumika kuchota maji mu kila komini. Ikijaa, ni kilo 20 ku mukono wa mutoto wa miaka kumi. Mushiko wake ni mumoja, mwembamba, na mara nyingi ukingo wa plastiki unakata vidole. Sasa sikilizeni hadisi yake. Babu ya bidoni hiyo ni bidoni ya chuma iliyotengenezwa na Wajerumani mu 1937 kwa ajili ya jeshi lao, ya kubebea esanse. Ile ilikuwa na mishiko mitatu sambamba. Mutu mumoja alishika wa katikati. Watu wawili waliweza kubeba bidoni moja, kila mumoja na mushiko wake wa pembeni. Na zikiwa tupu, mutu mumoja alibeba mbili mu mukono mumoja. Askari alifikiriwa mpaka vidole vyake. Ile ya njano ilitengenezwa kwa kuuzia mafuta ya kupikia, isafiri mara moja mu gari na kumwagwa. Hakuna aliyefikiri kwamba watoto wawili, dada na mudogo wake, wataibeba kila asubuhi maisha yao yote. Mishiko mitatu ikawa mumoja, na hakuna aliyeulizwa.

Linganisheni na chungu cha maji cha mabibi zetu. Chini yake palikuwa pa mviringo, pakae vema ku ngata, ile duara ya majani ao kitambaa inayowekwa ku kichwa. Shingo yake ilikuwa nyembamba, maji yasimwagike njiani. Kilivunjika, ndiyo, na kilikuwa kizito. Hatuombi watu warudi ku chungu. Lakini wanawake ndio waliofinyanga, na wanawake ndio waliochota. Umbo la chungu lilitoka mu shingo ya yule aliyekibeba.

Ili tusiseme kwamba kila kibaya kinatoka nje, tuguse mbabula. Hiyo inatengenezwa hapa, na mafundi wetu, kwa bati la fûts na magari mazee. Wengi wanaipenda juu inawaka mbio. Lakini bati tupu linatupa moto pembeni: unapika sahani moja ya bukari, na nusu ya joto inapika miguu yako. Pori la miombo linazidi kusogea mbali na muji, na mbabula ni mumoja kati ya wale wanaolikula. Mu inchi ya Kenya (hatusemi komini yetu ya Kenya), mafundi wa bati na wafinyanzi walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutengeneza jiko lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Udongo unashika joto, makala yanapungua. Haikuwa kazi ya kiwanda kikubwa. Ilikuwa kazi ya watu kama wale wanaogonga bati mu soko zetu. Juu ya nini mbabula ya bati tupu ingali inauzwa kila kona ya muji huu? Juu hakuna mama anayerudi kwa fundi kusema: "Mbabula yako inanikulia makala." Anakaa naye mu kartie moja, anapita mbele yake kila siku, na bado ananyamaza. Tumezoea kunyamaza mbele ya duka, mpaka tunanyamaza hata mbele ya jirani.

Lakini haki hiyo haijakufa pahali pote mu inchi yetu. Tutazame Goma. Kule watu wanasukuma chukudu, ile trotineti kubwa ya miti. Kadri ni ya muti, magurudumu ni ya muti yaliyofunikwa mupira wa gari muzee, na inabeba kilo mia kadhaa za viazi, makabichi ao makala. Wageni wanaipiga picha kama kitu cha kuchekesha. Sisi tunaiona kama somo. Mahali pa muzigo ni pakubwa na pako chini, ili isianguke. Gidoni ni ndefu, juu inafanywa kwa mutu anayesukuma. Mu mutelemko dereva anapiga goti moja juu yake, na freni yake ni kipande cha mupira anachokanyaga kwa muguu ku gurudumu la nyuma. Reyoni hakuna, klaveti hakuna, hakuna kitu kisichoweza kutengenezwa na seremala wa jirani. Iko na makosa, ndiyo: ni nzito, na mutelemko mukali unashinda freni ya mupira. Lakini kosa la chukudu likionekana leo, seremala analisikia kesho, kutoka mu kinywa cha mutu aliyeumia. Muji wa Goma umeiwekea chukudu sanamu mu rond-point. Si ajabu. Ile ni fuawe ya leo.

Tunaomba nini basi? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja feza ya wafazili.

Kwanza, wanunuzi waache kununua mumoja mumoja na kinywa kimefungwa. Mubeba-makala mumoja akilalamika, mwenye duka anamufukuza. Wakienda hamsini pamoja kwa yule anayeagiza kontena, na karatasi yenye orodha fupi (gidoni ndefu, bekiye pana, akisi nene, matundu ya poritebagaji), atasikiliza, juu yeye pia anataka kuuza.

Pili, masomo yatoke mu kaye. Mu segondari mwanafunzi anachora levieri za aina tatu bila kukosea, na anapata pointi zake. Wakati huohuo, inje ya dirisha la darasa, kuna kinga imelala chini na akisi imevunjika, na hakuna anayeulizwa: nguvu ilitoka wapi, ilikwenda wapi, pahali gani ilikosa nguzo? Somo la fizika, la teknolojia, hata la Kifaransa, yote yanaweza kuanzia pale. Mutoto anayejua kueleza juu ya nini chombo kimevunjika amefika karibu na kutengeneza kile kisichovunjika.

Tatu, na hapa tunasema na shirika letu wenyewe: mafundi wa kinga na wa sudire waingie mu mila. Wenye masomo wanaita kazi yao "bricolage", na wanasema neno hilo kwa kukunja pua. Lakini yule anayeongeza feri ya betoni ku furshi anafanya kile mufua-chuma wa kale alichofanya: anasikiliza malalamiko, anarekebisha umbo. Tofauti ni kwamba maarifa yake yanaishia mu karakana. Hayafiki ku kiwanda, hayafiki ku masomo, hayaandikwi mu kitabu.

Basi tuanze na kitu kidogo. Ku siku ya utamaduni inayokuja, pembeni ya wachezaji wa ngoma, tuweke meza moja, kinga moja iliyofanya kazi mu pori, na fundi mumoja anayeijua. Afungue kaye, aseme mbele ya watu ni akisi ngapi alizibadilisha mwaka huu, na juu ya nini zilivunjika. Mutu aandike. Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa wale wanaoagiza, na tungojee jibu tukiwa tumesimama ku mulango wao.